Kifusi cha Chumba Namba Sita

Dada yangu mkubwa mtaani walimwita Nyundo. Si kwa mikono tu, hata ulimi wake uligonga. Alipanga chumba namba sita miaka kumi na tisa. Mwenye nyumba alipokufa, watoto wake wakauza kiwanja. Tingatinga likaja asubuhi, na kufika mchana safu nzima ya vyumba ilikuwa imelala chini. Wapangaji wenzake wakabeba magodoro. Dada akaomba kifusi.

Marehemu mumewe alikuwa amemwachia kiwanja kidogo, cha kutosha kujikunia mgongo tu, bondeni. Huko ndiko alikopeleka kifusi. Watu walicheka, lakini akili ilikuwepo: zege la zamani ukiliponda na kulichekecha unapata kokoto na mchanga, ukitia saruji unafyatua tofali. Fundi mmoja mzee alimfundisha, akamwonya jambo moja tu. Zege kuukuu lina kiu. Liloweke tangu jana yake lishibe, la sivyo litakunywa maji ya saruji na tofali halitakaza.

Aliponda miezi minne, huku akilala sebuleni kwangu. Mume wangu hajui kunyamaza. Kila chai alimuuliza dada ikulu yake imefika wapi, naye akamjibu imefika kwenye msingi, mahali ambapo shemeji yake hajawahi kufika. Kweli, na sisi ni wapangaji. Mume wangu hakucheka. Akasema sebule yake anaitaka kabla ya mvua.

Mwezi wa mwisho mabomba yakakauka. Wengine hulia maji yamezidi unga. Sisi unga ndio uliozidi maji. Tulikuwa tunavuka barabara mbili kufuata ndoo moja, na kifusi kilitaka pipa zima kila siku. Nikachoka.

"Dada, wewe fyatua," nikamwambia. "Jiwe ni jiwe. Litakunywa maji gani?"

"Fundi alisema tuloweke."

"Fundi hana shemeji kama wako."

Akacheka, akachukua koleo. Tulifyatua mengi siku zile, na kuta zikafika usawa wa dirisha. Kwa mara ya kwanza nilimwona dada amesimama ndani ya nyumba yake, kuta zikimfika kiunoni, anaonyesha kitanda kitakaa wapi.

Mvua ilinyesha siku tatu. Pembe zikaanza kumeguka kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Fundi akaitwa, akakwaruza ukuta kwa ufunguo, zikamwagika punje. Akauliza kama kifusi kililowekwa.

Nilifungua mdomo. Dada aliniwahi.

"Nilisahau," akasema, bila kunitazama.

Fundi akatikisa kichwa, akamwambia mtu anayependa uhai wake haezeki bati hapo. Dada akauliza kama anaweza kuponda upya.

"Uponde nini, mama? Hili ni vumbi sasa."

Dada aliuangusha ukuta mwenyewe, kwa viganja tu, hata nyundo haikuhitajika. Wiki ile ile akahama kutoka kwangu. Sasa anafua nguo kwenye nyumba ya watu na kulala stoo yao, katikati ya magunia. Ana miaka hamsini na minane. Kule bondeni majirani wanamwaga takataka.

Juzi nilimfuata nikamwambia nataka nikamweleze fundi ukweli.

"Ili iweje, mdogo wangu?" akasema. "Ukuta utasimama?"

Akanipa upande mmoja wa shuka, tukakunja.