Nilimpaka Unga Shavuni

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Ilikuwa asubuhi, niko ghorofani kwenye studio moja ya picha karibu na Adams Arcade, nimepiga magoti mbele ya mdogo wangu Nekesa, mama yako, nampaka unga shavuni. Unga mkavu, kidogo tu, hapa chini ya jicho, ili ionekane ametoka kukanda chapati sasa hivi. Chapati zenyewe nilikuwa nimezipika mimi tangu alfajiri. Aproni aliyovaa ilikuwa yangu. Nikarudi nyuma kidogo, nikamtazama, nikasema, "Hapo sasa! Umekuwa mpishi kabisa." Tukacheka sote wawili.

Na leo umenijia hapa Kangemi na nywele zako mpya, umeketi kwenye kiti changu cha plastiki, unaniambia Jumamosi ni zamu yako kupigwa picha. Ati mama yako anataka biashara ipate uso wa kijana, na amekutuma kwangu nikuonyeshe jinsi ya kushika donge la unga lisionekane la maigizo. Haki ya Mungu, nilitaka kucheka nikashindwa. Nitakujibu. Lakini mimi ni mama yako mkubwa, kwa hiyo kwanza utanisikiliza, na hiyo simu uiweke kwa mkoba.

Hiyo biashara, Sufuria ya Dada, niliianzisha mimi. Najua hukuambiwa. Ulikuwa bado unatambaa. Nilianza kwa kupikia watu wa kanisa letu, halafu matanga, halafu harusi, mpaka watu wa Kinoo na Uthiru wakawa wananiita kwa ruracio zao, siku ile wageni wanapoleta mahari na hakuna mama anayetaka kuaibika kwa chakula kibaya. Niliwapikia mukimo wao, ule wa viazi na mahindi ya kupondwa, mpaka wakaniuliza kama nimeolewa kwao. Mama yako wakati huo alikuwa anasuka nywele Kawangware, na siku za sherehe alikuja kunisaidia kugawa chakula. Alikuwa na mdomo mtamu, na wageni walimpenda. Na mimi nilimpenda, usifikiri vingine. Nilimlea.

Kurasa za mtandao zilikuwa zimeanza kuingia kwa simu zetu. Kukawa na madam mmoja aliyekuwa akifundisha akina mama wa biashara ndogo pale mjini, kwenye jengo moja nyuma ya Moi Avenue, namna ya kujitangaza. Nikaenda. Alituambia mteja wa siku hizi hanunui chakula, ananunua mtu. Biashara iwe na jina moja, rangi moja, na uso mmoja, na uso huo ukishaonekana usibadilishwe. Tukaelezwa jinsi ya kujiandaa kwa picha: shati lisilo na mistari, kucha safi, kulala mapema, kuacha chumvi nyingi siku ya mwisho ili uso usivimbe. Nilifuata yote. Nilizunguka soko la mitumba la Toi mpaka nikapata shati jeupe lisilo na doa, nikalifua, nikalipiga pasi, nikalitundika ukutani kama nguo ya askofu.

Halafu baba akafa.

Tulienda nyumbani Bungoma tukamzika. Siku ya wafiwa kunyolewa ilipofika tulikaa chini uani, na Senge, dada ya baba, akanipitishia wembe kichwa kizima. Mama yako alikuwa na msuko mpya. Alisema kazi yake ni nywele, akirudi saluni na kipara nani atamkalia kitini? Wazee wakamwonea huruma, wakamkata kijishungi kimoja tu kisogoni, hata hukuweza kukiona. Mimi sikulalamika. Nilipojitazama kwenye kioo nilimwona baba, lile paji la uso lake, na nilifurahi kumbeba hivyo. Nililia na kufurahi kwa pamoja.

Nikarudi Nairobi, na siku ya picha imefika. Madam aliponiona alishika mdomo. "Wacha! Mama Sufuria, nini imekupata?" Nikamweleza. Akasema pole, na alisema kwa moyo, lakini akaninong'oneza kwamba mwanamke mwembamba mwenye kipara, kwa Nairobi hii, watu watasema ni mgonjwa. Nani ataagiza chakula cha mgonjwa? Akatoa wigi. Nikalivaa, nikajitazama. Mwanangu, nililivua kama limeniunguza. Sikuweza kumfunika baba na nywele za mtu nisiyemjua, udongo wake haujakauka.

Mtu mwingine yeyote angesema basi, tungoje nywele ziote. Au angesema, nipigeni hivi hivi, anayeogopa aogope. Mimi nilifanya nini? Nikageuka nikamwita mdogo wangu, aliyekuwa amekuja kunibebea vyombo. "Neke, simama wewe. Ni ya muda tu, mpaka nywele zangu zirudi."

Alikataa mara ya kwanza. Nataka ulijue hilo, kwa sababu mimi sitaki kumsingizia. Alisema, "Lakini hii ni yako, Dada." Nikamsukuma. Nikamvalisha aproni yangu na shati langu jeupe la Toi, ambalo lilimkaa kuliko lilivyonikaa mimi. Nikampanga na chapati mbele yake, na mvuke ukitoka. Halafu nikampaka ule unga. Picha ilikuwa nzuri ajabu. Hata mimi ningeagiza chakula kwake.

Miezi haikuwa mingi, Senge akaja Nairobi kwa matibabu, akafikia kwangu. Mlangoni nilikuwa nimebandika tangazo kubwa la biashara lenye ile picha. Alisimama akaliangalia mpaka nikadhani ameshindwa kusoma.

"Huyu ni Nekesa," akasema.

"Ndiyo, Senge."

"Na chakula ni cha nani?"

"Changu."

"Kwa hivyo wewe ulikuwa wapi?"

Nikamwambia habari ya nywele, na ya wigi, na jinsi nilivyokataa kumfunika baba. Nilidhani atanisifu! Nilikuwa hata nimetayarisha uso wa kusifiwa. Aliketi, akavua viatu polepole, akaniambia maneno ambayo nilimchukia kwayo muda mrefu. "Mimi nilikunyoa ili watu wakuone, wajue unalia. Wewe umeenda ukajificha. Usimsingizie kaka yangu. Wewe uliogopa midomo ya watu, ukaita woga wako heshima. Hizo nywele zitarudi hata ukilala. Hicho ulichompa mdogo wako hakitarudi, na siku ukikidai ataona unamwibia."

Nilimjibu vibaya. Nikamwambia mambo ya mjini hayajui. Alikunywa chai yangu, na kesho yake akapanda gari akaenda. Alikufa kabla sijamwambia kwamba alisema kweli.

Nywele zikarudi. Krismasi ilipokaribia zilikuwa zinashika hata kitana, nikamwambia mama yako sasa twende tupige nyingine. Akaniangalia kwa upole kabisa. Ule upole ndio unaoniuma mpaka leo. "Dada, watu wamenizoea. Tukibadilisha sasa watachanganyikiwa. Na kwani biashara si yetu sote?" Simu za wateja zilikuwa zinaingia kwake. Ukurasa ulikuwa kwa simu yake. Watu walimsalimia njiani, "Sasa, Dada wa Sufuria!" na yeye anacheka, anawapungia mkono. Nikajiambia, potelea mbali, si ni damu yangu? Nikarudi kwa jiko.

Sasa sikia. Tulikuwa na ruracio Kinoo, boma kubwa, hema mbili. Nilipika na wenzangu tangu giza halijaisha. Baada ya watu kula, mama mwenye boma akaja nyuma kule jikoni mwenyewe, amefurahi, ameshika vazi lake lisiguse majivu, na mama yako yuko kando yake amependeza. Yule mama akasema hajawahi kula chapati kama zile, anataka picha na aliyezipika. Nikapangusa mikono. Nikaanza hata kusimama, mwanangu. Nikaanza kusimama kama mjinga!

Mama yako akamshika yule mama mkono, wakageukia kamera wawili. Yule mama alikuwa mtu mwema, akaniona nimesimama nusu, akauliza, "Na huyu?"

Mama yako akasema, "Huyu ni mmoja wa wasichana wangu wa jikoni."

Msichana! Mimi niliyembeba mgongoni! Yule mama akanipiga begani, akaniambia, "Umebahatika. Kaa karibu na yeye, utajifunza."

Nilimtazama mama yako. Hakunitazama. Nilingoja aseme neno lolote, hata kwa lugha yetu, hata kwa jicho. Alikuwa anapanga shingo yake kwa ajili ya kamera. Nikavua aproni, nikaiweka juu ya kuni, nikatoka. Nilishuka kwa miguu kando ya Waiyaki Way nikafika Uthiru kabla sijakumbuka kwamba kuna magari. Hakuna aliyenifuata. Siku hiyo hiyo jioni aliweka picha kwa mtandao, yeye na yule mama, na chapati zangu.

Nilijaribu kuanza upya na uso wangu mwenyewe. Watu walinitazama, wakatazama simu zao, wakauliza, "Kwani wewe unaiga Sufuria ya Dada?" Mmoja aliniambia nina akili ya wizi. Nikachoka. Ndiyo maana unanikuta hapa, nauza chapati na maharagwe kwa vijana wa kazi za mjengo, ambao hawanijui jina ila wanajua mkono wangu. Mchungaji huniuliza kama nimesamehe. Ninamwambia ninasali. Ni kweli ninasali. Kusamehe ni kitu kingine, na sitakudanganya uso kwa uso.

Basi nikujibu. Kujiandaa kwa picha unajua tayari, na yule madam hakusema uongo: lala mapema, nguo iwe safi, kucha ziwe fupi. Lakini hayo ni ya ngozi tu. Swali la kwanza, kabla ya kununua hata kitambaa, ni hili: kitu ninachokwenda kusimama mbele yake, nimekifanya mimi? Kama umekifanya, simama na kichwa ulicho nacho siku hiyo, kiwe kimenyolewa, kiwe na upele, kiwe na macho yaliyovimba kwa kulia. Usingoje kupendeza ndipo uwe mwenyewe. Na usimpe mtu nafasi yako kwa muda, hata akiwa ndugu, hasa akiwa ndugu, kwa sababu mgeni ungemdai, ndugu utamwonea haya.

Kama hukukifanya wewe, mwanangu, usisimame hapo. Mimi sitakufundisha kushika unga kwa ajili ya kamera. Nilishamfundisha mmoja. Ukitaka kukanda, njoo Jumatatu, uje na nguo kuukuu, ukae mpaka mabega yakuume, na mwaka ukiisha nitakupeleka studio mimi mwenyewe.

Na kuna jambo moja zaidi, ndilo nataka ubebe kutoka hapa. Kwa jiko la mama yako, sasa hivi tunapoongea, kuna mwanamke ameinama juu ya moto na hakuna mteja anayemjua. Najua yuko, kwa sababu mama yako hajawahi kusukuma chapati ikawa duara. Nenda umtafute. Umuulize jina lake lote, la kwake na la baba yake. Jumamosi kamera ikifika, mshike mkono umlete mbele, akisema hajajitayarisha usimsikilize. Mama yako atanuna. Mwache anune.

Haya, simama nikuwekee mkono. Mungu akupe kazi ya kweli na watu wa kuijua. Akupe mdomo wa kusema "si mimi, ni huyu" siku ambayo itakugharimu kusema hivyo. Akulinde na sifa isiyo yako, na akulinde na kimya kama changu. Nenda salama. Ukifika nyumbani mwambie mama yako kwamba wewe nimekubariki. Yeye, mwambie bado.