Jicho Nililolifumba Kanisani

Kusoma ndiko kulikonileta Kampala. Nilitoka Bungoma nikaajiriwa katika kiwanda kidogo cha uchapaji, kazi yangu kupitia vitabu vya Kiswahili vya shule kabla havijapigwa chapa, nisake makosa. Jumapili nasoma Maandiko katika ibada ya Kiswahili, ambako Wakenya kama mimi tunasali pamoja na familia za askari, ambao Kiswahili ni lugha yao ya kambini. Nilijigamba kwamba hakuna herufi inayonipita.

Shida ilianza kama uchovu tu. Nikisoma kurasa chache, macho yanauma kwa nyuma, paji la uso linabana, machozi yananitoka. Kisha mistari ikaanza kucheza. Neno moja likawa mawili, moja limepanda juu ya jingine, na kichefuchefu kikanishika pale mezani kama mwenye mimba changa, na umri wa kuzaa ulishanipita. Ajabu ni kwamba nikitazama mbali, nilisoma mabango ya ng'ambo ya barabara bila taabu.

Nilinunua miwani mtaani Namuwongo kwa mchuuzi anayeipanga juu ya turubai. Haikusaidia. Nikaenda kliniki kupimwa macho. Wakaniambia ziba jicho moja, soma ubao. Ziba la pili, soma. Nikasoma hadi herufi za chini kabisa.

"Macho yako mazuri, mama. Labda ni mawazo," wakasema.

Nikatoka nimeambiwa ni mzima, na bado siwezi kumaliza ukurasa. Niliogopa sana. Makosa yalianza kunipita vitabuni, na bosi wangu, mtu mpole, akaniambia, "Nyabo," yaani mama kwa Kiganda, "ikiendelea hivi tutatafuta mwingine." Sina kazi nyingine ninayoijua.

Nikagundua ujanja. Nikifumba jicho la kushoto, maneno yanatulia. Basi nikawa nasoma hivyo, hata kanisani.

Nilichosahau ni kwamba ukisimama pale mbele watu wanakutazama. Benchi la kwanza hukaa sajini mmoja mstaafu na mkewe, Mama Akello, Mwacholi asiyemumunya maneno. Kila nilipoinua uso kutoka kwenye Biblia, jicho likiwa bado limefumbwa, aliyekuwa mbele yangu ni sajini. Ibada moja ilipokwisha, Mama Akello alinifuata hadi mlangoni.

"Wewe dada, mzee yangu unamkonyezea nini? Kila Sande?"

Nilitaka kucheka, nikalia. Nikamweleza yote pale pale. Akanitazama, hasira ikamwisha.

"Kumbe ni ugonjwa," akasema. "Twende Mulago. Mi nitaenda na wewe."

Tulikaa foleni ya hospitali asubuhi nzima, yeye akinilindia nafasi kama yuko lindoni. Daktari, mwanamke mtaratibu, alianza na ubao ule ule, na mimi nikafaulu tena. Alikuwa karibu kunirudisha nyumbani Mama Akello alipomkatiza.

"Daktari, huyu akisoma anafungaga jicho moja. Mi nilidhani anataka mzee yangu."

Daktari alicheka, kisha akaniuliza kwa nini sikusema. Kweli sikujua kama hilo ni la kumwambia daktari. Akashika kalamu, akanisogezea polepole kuelekea puani, macho yangu yote mawili wazi. Kabla haijakaribia, ikawa mbili.

"Jicho la kushoto limekimbilia nje," akasema. "Kila jicho peke yake ni zima. Kuelekea pamoja kwenye kitu cha karibu ndiko kulikolegea."

"Si upofu?"

"Si upofu, mama. Dawa yake ni mazoezi."

Dawa yangu ikawa kalamu: naisogeza puani, ikigawanyika naisimamisha, naitazama hadi iwe moja. Mwanzoni kichwa kiliuma kuliko zamani, nikataka kuacha. Mama Akello akawa anapita kila jioni kunisimamia. Wiki zikapita, kalamu ikazidi kukaribia, na mistari ikatulia. Kazi yangu bado ninayo.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na naushukuru wivu wa Mama Akello. Wewe unayeambiwa huna kitu na bado unateseka, rudi ukaseme. Sema hata ule ujanja mdogo unaotumia ili siku ipite, kwa sababu huenda ndio daktari anaoutafuta.

Jumapili iliyopita nilisoma sura nzima. Nilipoinua uso, macho yote mawili wazi, Mama Akello alimgeukia mumewe na kusema bila kunong'ona, "Umeona, mzee? Sasa umebaki na mimi tu."