Dada Aliiba Maji ya Mgongo wa Mwanawe

Dada yangu aliingia maabara mchana kweupe, mkono mmoja kifuani kama mtu aliyeficha kuku wa wizi.

"Funga mlango," akasema.

Mimi ni mtaalamu wa maabara. Siku hiyo nilikuwa nimeunganisha zamu mbili, macho mazito, miguu haitaki kunibeba. Nikafunga bila kuuliza.

Akatoa vichupa vitatu chini ya sweta. Nikavijua palepale. Maji ya uti wa mgongo! Ya mpwa wangu, aliyelazwa asubuhi ile na homa kali, shingo imekakamaa.

"Nimeyaiba kwenye meza ya nesi. Wamemchoma mgongoni, wakamkamua. Toka hapo hafumbui macho. Mdogo wangu, yarudishe."

"Niyarudishe wapi?"

"Yalikotoka!"

Sikucheka. Mimi mwenyewe niliogopa.

"Dada, mwili unatengeneza mengine. Nisipoyapima haya, daktari atatibu kwa kubahatisha, na kama hii ni homa ya uti wa mgongo, haingoji mtu."

Akainua kichupa cha kwanza. Chekundu.

"Na damu hii? Si wamemkata?"

"Sindano iligusa mshipa njiani. Ona, cha pili rangi imefifia. Cha tatu hakina damu. Ingekuwa inatoka kichwani, vyote vingekuwa vyekundu."

Akavikagua weee. Akanipa cha tatu. Viwili vikarudi kifuani.

"Kimoja kinakutosha," akasema. Dada yangu huyo, ukibishana naye unajichosha bure.

Kwenye darubini nikaona chembe za usaha zimejaa, na vijidudu vimekaa viwili viwili. Nikampigia daktari, dawa ikaanza.

Bado ilibidi tuvioteshe vile vijidudu kwenye sahani zenye chakula chao, tujue dawa gani hasa inaviua. Sahani zilikuwa zinapashwa joto, kwa hiyo nikamwomba mwenzangu aniangalizie kichupa nimsindikize dada wodini.

Nikarudi. Mezani hakuna kitu.

"Kiko wapi?"

"Nimekuhifadhia," akajibu mwenzangu, ambaye tunamwita Bwana Friji, maana hata miwani yake iliwahi kulala humo.

Jamani! Mkojo, sawa, weka kwenye friji. Maji ya mgongo, hapana. Baridi inaua vile vijidudu, na vikifa haviwezi kuota.

Nikakaa sakafuni.

Kisha nikakumbuka sweta la dada.

Nikapanda ngazi mbio. Nikamkuta kando ya kitanda, mkono bado kifuani.

"Dada, nipe vile viwili."

"Si nilikwambia kimoja kinatosha?"

"Dada, nakuomba."

Akachungulia mlangoni kama kuna nesi. Akavitoa. Vilikuwa na joto la mwili wake.

Sahani ya kichupa cha friji haikuota chochote. Za vichupa vya dada ziliota, zikatuonyesha kwamba dawa ya kwanza haikufua dafu. Daktari akabadilisha. Mpwa wangu akafumbua macho, akauliza viatu vyake viko wapi. Nikalia mbele ya wagonjwa, sikuona haya.

Leo dada anamwambia kila mtu kwamba mtoto alipona kwa sababu maji yake yalikaa na mama.

Namweleza habari ya joto. Anasema, "Si ndiyo hayohayo?"

Nimechoka kubishana. Ila mjue hivi: mzazi akikatalia kitu cha mwanawe, msianze kumfokea. Kaeni naye, mwonyesheni, mwelezeni.

Na wewe Bwana Friji, najua unasoma hapa. Mkate wako nimeutoa.