Si Yeye, ni Kichwa Chake

Bi Pasi hakupenda wageni, na hawa wa leo aliwachukia kabla hawajavua viatu. Waliingia watatu: mkwewe, aliyemvunja binti yake mkono, kaka mkubwa wa mkwe, mwenye sauti ya kubembeleza ya mtu anayetaka kukuuzia kitu kibovu, na shangazi yao, mwanamke wa manukato mengi, aliyekalia kiti kizuri bila kuambiwa. "Karibuni," Bi Pasi alisema, kwa namna ambayo mwenye akili zake angegeuka na kurudi alikotoka.

Jina la Bi Pasi alipewa hospitali, kwenye chumba cha kufulia, ambako kwa miaka mingi amesimama mbele ya meza ndefu akinyoosha shuka za wodini na makoti meupe ya madaktari. Chumba chenyewe ni mvuke mtupu, joto la kukausha mate na harufu ya sabuni ya unga. Wenzake wanampenda na wanamwogopa. Akikuta wino mfukoni mwa koti, hupanda nalo hadi wodini akamkabidhi mwenyewe mbele ya wagonjwa: "Kalamu ina kifuniko, daktari. Nyumbani hawakukwambia?" Ukimkosea atakupa vidonge vyako hapo hapo, na ukinuna shauri yako.

Lakini kuna jambo moja ambalo mwanamke huyu mkali alilisema kwa upole, tena kila mahali: "Si yeye, ni kichwa chake." Alikuwa akimsema mumewe, seremala, ambaye zamani alikuwa akimpiga. Kumpiga haswa, mpaka siku moja Bi Pasi akaja kazini jicho limefumba, na daktari wa magonjwa ya akili aliyefuata koti lake akamuuliza kulikoni. Daktari yule akamwita seremala, akampima, akamwanzishia dawa. Akaeleza kwamba ubongoni mna kemikali zinazomsaidia mtu kujizuia, na za seremala hazikutosha. Breki zake ni dhaifu, alisema. Kisha akaongeza: lakini usukani bado anao mwenyewe, tusimpokonye.

Bi Pasi alirudi nyumbani na neno la breki. La usukani aliliacha huko huko kliniki.

Na dawa ilifanya kazi, tuseme haki. Seremala alimeza vidonge, hasira zikapoa, na tangu hapo hajamwinulia mtu mkono. Majirani waliokuwa wakimcheka Bi Pasi kwa kupigwa, sasa wakawa wanampa pole kwa kuuguza. Ah, na alivyozipenda pole zile! Mwanamke anayekaa na mgonjwa ni muuguzi. Anayekaa na mtu anayempiga kwa makusudi, huyo ni nani? Swali hilo hakutaka kulisikia hata kwa mbali.

Basi binti yao alipokuja mara ya kwanza na alama za vidole shingoni, Bi Pasi alimkanda kwa maji ya moto, akamkalisha, akamwambia yale yale. Si yeye, mwanangu, ni kichwa chake, mpeleke hospitali. Binti akarudi kwa mumewe. Mara ya pili alikuja mkono umefungwa plasta, akasema harudi tena. Wageni hawa ndio wamekuja kumchukua.

"Tumempeleka hospitali, mama," alianza kaka mkubwa. "Kapimwa. Kumbe ni ubongo! Kemikali hazitoshi, breki zake mbovu. Dawa kashaanza."

"Na hili wewe unalijua kuliko sisi," shangazi akadakia. "Kila mtu anakusifu ulivyomuuguza mzee wako. Si yeye, ni kichwa chake, si ndivyo unavyosema? Sasa na huyu si yeye. Turudishieni mke wetu amuuguze mumewe."

Damu ilimchemka Bi Pasi mpaka masikioni. Maneno yake mwenyewe, tena kwa mdomo wa mwanamke yule! Alimtazama mkwe, aliyeinamisha kichwa vizuri kama mtu aliyefanyishwa mazoezi kabla ya kuja. Akamtazama binti, amekaa karibu na mlango, mfuko wa nguo miguuni. Seremala naye alikuwa pembeni anachokonoa gundi iliyokauka kwenye kucha. Bi Pasi alijua kwamba asipopata la kuwajibu, binti atabeba mfuko ule aondoke nao leo, na safari nyingine huenda usiwe mkono tena, ikawa shingo.

"Ugonjwa," alisema. "Haya. Kazini kampiga nani?"

"Kazini?" Kaka mkubwa alishangaa.

"Kazini, ndiyo! Si ni karani, ana bosi? Tena tunasikia bosi mwenyewe msumbufu. Hizo breki hazijakatika hata siku moja mbele ya bosi? Au ubongo wake unasoma vyeo?"

"Dada, usifanye mzaha na ugonjwa," shangazi akasema.

"Mzaha unao wewe, uliyejipulizia manukato kuja kuchukua mtu aliyevunjwa mkono!"

Shangazi alicheka kidogo. "Na wako je, alimpiga bosi? Au wako ndiye mgonjwa na wetu ndiye mhuni? Chagua moja, mama mkwe. Kama mzee wako alikuwa na udhuru, na huyu anao. Kama huyu hana, basi mzee wako naye hakuwa nao, na wewe umekaa miaka yote ile unapigwa na mtu anayejua anachofanya."

Lilikuwa neno la haki, na ndiyo maana lilimchoma kuliko tusi. Bi Pasi alimchukia shangazi yule kwa moyo wake wote. Kisha akamgeukia mumewe, kwa sababu pengine pa kupita hapakuwepo.

"Mzee, nakuuliza mbele ya watu hawa, na usinijibu habari za vidonge. Zamani, ukitaka kunipiga, ulikuwa unamwita huyu mtoto. Unampa sarafu, unamtuma dukani akanunue kiberiti. Unasimama dirishani mpaka apite kona. Ndipo unaanza. Ni ugonjwa gani huo unaomtuma mtoto dukani kwanza?"

Seremala hakuinua uso. Angeweza kusema hakumbuki, na wangemwamini. Udhuru wake ulitoka kwa daktari, na kwa udhuru huo ameweza kutembea mtaani bila aibu. Mkwe alikuwa anamkodolea macho, akimwomba asiuachie.

"Hasira zilikuwa zinanishinda," alisema mwishowe. "Hilo kweli, na dawa zimenisaidia. Lakini mtoto nilikuwa namtuma mimi. Nilikuwa najua kabisa. Hicho kiberiti ningeweza kwenda kukinunua mwenyewe." Akamgeukia mkwe. "Na wewe, kabla ya kumvunja mkono, ulianza na nini?"

Mkwe alimtazama kaka yake. Aliyejibu ni binti, kutoka mlangoni. "Alivua saa. Akaiweka juu ya friji, isije ikavunjika."

Bi Pasi alishafungua mlango. "Mmesikia. Dawa ameze, asiache hata moja. Mke harudi. Haya, tokeni!"

Wakatoka, shangazi akifoka njia nzima kwamba nyumba ile ni ya wendawazimu. Bi Pasi alifunga mlango kwa furaha ya kushinda, akafungua mikono amkumbatie binti yake. Binti akarudi nyuma.

"Viberiti vilijaa kabatini," binti alisema. "Nilikuwa mtoto, sikujua. Lakini wewe ulijua, mama."

"Mwanangu..."

"Ulijua kwamba anachagua! Nikaja na shingo ile, ukanitazama machoni, ukaniambia si yeye. Nilirudi kwa sababu ulisema wewe."

Mwanamke ambaye hajawahi kukosa jibu alifungua mdomo. Alitafuta cha kusingizia. Kichwa chake kilikuwa kizima, hakuna daktari aliyewahi kukitilia shaka. Pembeni seremala alikuwa analia, na binti akaokota mfuko wake, akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango kwa ule mkono mzima.