Kipini cha Mama Mkubwa

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, amekuwa akishonea watu nguo tangu kabla sijazaliwa. Chumba chake cha kazi kiko mbele ya nyumba, dirisha linatazama barabarani, na ukiingia lazima uangalie unapokanyaga maana pini hazikosekani sakafuni. Kuna cherehani mbili: moja ya mguu, nyeusi, ambayo haruhusu mtu mwingine kuigusa, na moja ya umeme ambayo huitukana kila siku.

Wateja wake wengi ni mabibi harusi. Wakati wa kupimwa yeye huwa na pini mdomoni, anaitika kwa kuguna tu, kwa hiyo wao ndio husema. Wakiondoka huwa wameshamwaga yote, mpaka ya mawifi. Siku moja nikiwa pale namsaidia kukata bitana, aliingia msichana mchangamfu kuja kujaribu gauni. Alipovua blauzi tukaona kitu kinang'aa tumboni mwake. Kilikuwa kipini kidogo kimekaa juu ya kitovu, na kijiwe cha samawati kama tone la maji.

Mama mkubwa akatema pini zote mkononi. "Hebu nione vizuri, mwanangu."

Msichana alipokwenda zake, mama mkubwa alikaa mbele ya cherehani bila kukanyaga. Kisha akasema, "Na mimi nakitaka."

Nikacheka. Nikamtazama usoni, nikaacha kucheka.

"Mama mkubwa, kwa umri huo?"

"Kwa umri huu huu. Tumbo hili limebeba watoto, limepasuliwa, limefungwa mikanda, limefichwa ndani ya magauni mapana. Halijawahi kupewa zawadi hata siku moja." Akaanza kukanyaga cherehani. "Na baba yako mkubwa asijue. Nitamwambia kikishapona."

Kitinda mimba wake alikuwa amehama nyumbani muda si mrefu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa na nafasi ya kujifikiria.

Fundi wa kutoga tuliyeelekezwa alikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Njia nzima mama mkubwa alinishika mkono kana kwamba mimi ndiye ninayetaka kutoroka. Nilitarajia chumba chenye giza na muziki wa kelele. Nikakuta sakafu inayonukia dawa, kitanda kilichotandikwa karatasi safi, na mashine ya kuchemshia vifaa inayofuka mvuke kama birika. Fundi mwenyewe alikuwa dada mwenye nywele fupi na sauti ya chini.

Hakukimbilia sindano. Alimwambia mama mkubwa asimame, kisha akae, kisha ainame.

"Mbona unanizungusha kama sanamu ya dukani?" mama mkubwa akauliza.

"Nakitazama kitovu chako, mama. Si kila kitovu kinakubali. Kuna watu wakikaa, ngozi yote inajikunja, kipini kinabanwa, mwili unakisukuma nje kidogo kidogo mpaka kinatoka na kuacha kovu. Ningeona hivyo ningekurudisha nyumbani."

"Na changu?"

"Chako kina ukingo mzuri hapa juu. Ila unafanya kazi gani? Unakaa sana?"

"Mimi ni fundi cherehani, mwanangu. Ukiniona nimesimama ujue chakula kimeiva."

Fundi akatabasamu, lakini hakuacha maswali. Je, makovu yake huvimba? Mama mkubwa akashusha sketi kidogo akamwonyesha mshono wa upasuaji, umelala bapa, umefifia. Kuna madini yanayomletea vipele? Anatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Hapana na hapana. Ana kisukari? Hapo mama mkubwa akasita. Mama yake alikuwa nacho. Yeye hajapima siku nyingi.

"Basi leo hatutogi," fundi akasema. "Kapime kwanza. Sukari ikiwa juu, kidonda hakifungi, tutakuwa tumejitafutia balaa. Na ukirudi, uje na sketi isiyobana kiunoni. Mkanda ndio adui wa kitovu kilichotogwa."

Kwenye ngazi mama mkubwa alifoka. "Nimejikaza kisabuni mpaka nimefika, ananirudisha kama mtoto wa shule!" Lakini alikwenda kupima, na sukari ikakutwa sawa. Siku hizo za kusubiri hakuzipoteza. Alizifumua sketi zake zote, akazishusha viuno, akatia mpira laini mahali pa mikanda. Jirani akamuuliza kama amenenepa. Akasema ndiyo.

Tuliporudi, fundi alinawa, akavaa glavu, akafungua sindano mpya mbele ya macho yetu. Mama mkubwa akauliza kwa nini hatumii ile bastola ya kutogea masikio aliyoiona saluni. Fundi akasema ile haifai kitovuni. Inaponda nyama, na haiwezi kuchemshwa ikasafishika ipasavyo. Kipini alichochagua kilikuwa cha titani, chepesi, kimepinda kidogo, na kigololi kila upande. "Kizuri cha kung'aa utavaa baadaye," alisema. "Sasa hivi unavaa kitakachokuponya."

Akatia alama kwa kalamu. Mama mkubwa akajitazama kwenye kioo, akaomba isogezwe kushoto kidogo. Jicho la fundi cherehani hilo. Alama kweli ilikuwa imeenda upande. Kisha akalala, akanibana vidole mpaka vikauma, akaambiwa avute pumzi. Alipoitoa, mambo yalikuwa yamekwisha.

"Ndiyo hiyo tu?" akasema. "Cherehani imeshawahi kunichoma kidole ikaniuma kuliko hivi."

Alisimama mbele ya kioo muda mrefu. Alijigeuza huku na huku, mikono imeshika blauzi juu, na mimi nikaona haya ghafla, kama mtu aliyefungua mlango bila kubisha.

Fundi hakutuacha tuondoke na furaha tupu. Alieleza pole pole. Anawe mikono kabla ya kugusa, na bora asiguse kabisa. Maji yaliyochemshwa yakapoa, na chumvi kidogo, asubuhi na jioni. Asipake mafuta wala spiriti, asikizungushe, asilalie tumbo, asiogelee. "Nje patakudanganya kwamba pamepona," alisema. "Ndani bado. Kitovu huchukua miezi mingi, hata karibu mwaka. Usiwe na haraka nacho."

Sasa, baba mkubwa. Ni fundi wa majokofu, na mtaa mzima unamwita Barafu, ingawa ni mtu mwenye moyo laini kuliko wote ninaowajua. Anaweza kukaa mbele ya friji bovu akilisikiliza kama daktari anayesikiliza mtoto. Mtu wa namna hiyo humfichi kitu ndani ya nyumba.

Aliona mkewe, aliyezoea kulala kifudifudi, sasa analala chali kama ubao. Akimwekea mkono, unaondolewa taratibu. Mlango wa bafuni unafungwa kwa komeo. Kwenye kapu la taka kuna vipande vya shashi vyenye doa la manjano. Halafu jirani akamwuliza, "Mkeo anaendeleaje? Nilimwona zahanati." Yeye hakuwa na habari yoyote ya zahanati.

Hakuuliza. Aliogopa jibu. Badala yake akaanza kufagia. Akaosha vyombo, akarudi na matunda, akajaribu kupika, sufuria ikaungua. Mama mkubwa akanipigia simu roho juu.

"Baba yako mkubwa ananibembeleza. Amefanya nini huyu?"

"Labda anakupenda tu."

"Kunipenda ananipenda miaka yote, lakini ufagio hajaugusa!"

Jumapili moja alasiri baba mkubwa akaita watu. Alikuja binti yao mkubwa, mwalimu, akaja na mdogo wake wa kiume, na mimi nikaitwa kwa kuwa ni mtu wa ndani. Mama mkubwa alitokea jikoni akifuta mikono, akashangaa kutukuta tumepangana sebuleni kama kwenye msiba.

Baba mkubwa akasimama. Akakohoa. "Wanangu, nimewaita kwa sababu mama yenu anaumwa, na ameamua kuubeba ugonjwa peke yake. Nimeona dawa. Nimeona usaha. Mimi si mtu wa kumlazimisha, lakini..." Akakaa, akashika tama.

Mama mkubwa alimtazama mumewe. Uso wake ukabadilika mara tatu. Kisha akaipandisha blauzi.

Kijana akajifunika uso kwa mto wa kochi. Mwalimu akasema "Mama!" kwa sauti anayotumia darasani. Baba mkubwa akatafuta miwani mfukoni, akaivaa, akasogea mpaka pua yake ikakaribia tumbo la mkewe, akakikagua kile kipini kama anavyokagua bomba linalovuja gesi.

"Ni hiki tu?"

"Ni hicho tu."

"Huna ugonjwa?"

"Sina. Kinawasha kidogo, basi."

Baba mkubwa akaketi sakafuni pale pale, akalia. Kisha kicheko kikampanda katikati ya machozi, asijue ashike lipi. "Mwenzio nilishakuzika," akasema.

"Ulinizika na gauni lipi?"

"Lile la kijani."

"Lile linanibana! Mwanamume huyu!" Naye akaketi sakafuni, akamfuta uso kwa upindo wa kanga.

Mwalimu hakuridhika. Mtu mzima, wajukuu, watu watasema nini. Baba mkubwa akamnyamazisha kwa mkono. "Watu watakionea wapi? Mwacheni mama yenu." Na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyechemsha maji ya chumvi, akayafunika kwa sahani, na kuzuia wajukuu wasimrukie bibi yao.

Hata hivyo kupona hakukwenda moja kwa moja. Miezi baadaye mama mkubwa alibeba gauni zito la shanga, amelikumbatia kiunoni kutoka chumba hadi chumba, na kipini kikakwaruzwa. Kesho yake palikuwa pekundu, pa moto, panapwita. Hofu ikamwingia, akataka kukitoa. Nilimpigia yule fundi. "Asikitoe," alisema haraka. "Tundu likifunga, usaha utabaki ndani. Aende kwa daktari leo, si kesho, hasa akiwa na homa." Homa ilikuwepo. Baba mkubwa aliacha jokofu la mteja limefunguliwa, akampeleka. Daktari akaandika dawa, kipini kikabaki mahali pake, na wekundu ukapungua siku baada ya siku. Aliyekuja kumpikia wiki ile nzima alikuwa mwalimu. Hakutaja kitovu hata mara moja, ila aliuliza kila asubuhi kama maji yamechemshwa.

Kilipopona kabisa, ndani na nje, fundi alisema sasa anaweza kuvaa kingine. Baba mkubwa akasema anakwenda naye, nami nikawafuata. Alivaa shati lililopigwa pasi. Mbele ya kisanduku cha vipini walibishana kama watu wanaonunua kabati: mke anataka kijiwe cheupe, mume anataka chekundu. Mke akakubali chekundu.

Akalala kitandani. Mume akamshika mkono kwa ushujaa mkubwa. Lakini fundi alipofungua kigololi na kukivuta kipini cha zamani kikateleza nje ya ngozi, hata tone la damu halikuonekana, baba mkubwa alibadilika rangi, akapepesuka, nikawahi kumdaka. Ikabidi mama mkubwa ateremke, mumewe ndiye alazwe juu ya ile karatasi safi.

Fundi alikimbilia maji. Mama mkubwa akasimama kando ya kitanda, blauzi bado imepanda, kijiwe chekundu bado hakijavaliwa, akimpepea mumewe kwa gazeti.

"Baba watoto," akasema, "fumbua macho. Hakuna mtu aliyekugusa."