Tukifika kwa Re

Funguo za nyumba zikiloa jasho mkononi mwangu, zinanuka shaba, kama tarumbeta ya Papa.

Nilipokuwa mutoto, kiwanda alimofanya kazi Papa kilikuwa kimenyamaza, na fanfare yake, bendi ya wafanyakazi, pia. Papa aliirudisha tarumbeta nyumbani Kikula, pistoni ya tatu imekwama, wa kuitengeneza hayuko. Jioni alinifundisha do-re-mi, vidole vyake vimechoka juu ya vyangu. Noti ya re haikutoka.

“Papa, re iko wapi?”

“Ile ilikufa, mutoto. Tukifika kwa re, unapumua tu, unaendelea.”

Mama aliuliza toka jikoni, “Ile wimbo itatulisha?”

Papa alipangusa mdomo wa tarumbeta. “Turudilie toka do,” akaniambia polepole.

Sasa ninaimba kwaya ya parokia. Tukipandisha sauti do-re-mi kabla ya misa, wenzangu wote wanaimba re. Mimi ninapumua.