Kesi ya Mbuzi Darasani

Mwalimu wetu wa Kiswahili wa darasa la sita alitoka Embu, kule chini kwenye joto, na baridi ya kwetu Githongo, juu kule Meru, ilimtesa. Alifundisha akiwa amevaa makoti mawili. Kabla yake tulizoea mwalimu kuandika ubaoni nasi tukanakili mpaka kengele ilie. Huyu, siku ya kwanza, alituambia tuinue madawati tuyapange kwa mviringo. Tulidhani anataka tusugue sakafu.

Akiuliza swali, hakutaka mkono uinuke papo hapo. Kwanza ufikirie kimya, kisha umnong'oneze jirani yako, ndipo mseme mbele ya wote. Sisi tuliozungumza Kimeru nyumbani tulikiogopa Kiswahili, na mnong'ono ule ulitufaa sana. Ukikosea, umekosea sikioni mwa mtu mmoja tu.

Jirani yangu alikuwa msichana mwenye kigugumizi. Walimu waliotangulia walikuwa wameacha kumuuliza lolote. Sidhani walikuwa na nia mbaya, walimhurumia. Majibu aliyoninong'oneza niliyasema mimi.

Muhula wa pili mwalimu alitangaza kwamba tutaendesha kesi. Mbuzi wa mtu amekula maharagwe ya jirani. Nani alaumiwe, aliyemwacha mbuzi bila kamba au aliyeacha shamba bila ua? Akagawa nafasi: hakimu, mlalamikaji, mshtakiwa. Alipouliza nani atakuwa shahidi, nyanya mmoja aliyeona yote, jirani yangu akainua mkono. Nilimvuta sketi chini ya dawati. Hakunitazama.

Siku ya kesi alijifunga leso kichwani, akainama na kushika mkongojo. Alipofungua kinywa, sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya kikongwe, nzito, isiyo na haraka ya kufika popote, na maneno yalitoka mazima. Alieleza jinsi mbuzi alivyoingia shambani na kutafuna kwa adabu, mstari kwa mstari, kama mgeni aliyekaribishwa. Tulicheka mpaka kelele zikafika ofisini.

Mwalimu mkuu akatokea mlangoni. Mwalimu wetu alianza kujieleza, lakini nyanya hakumpa nafasi. Alimnyooshea mkuu mkongojo, akasema kwa sauti ile ile, "Keti, mwanangu. Kesi bado inaendelea."

Nilijua viboko vimefika. Mwalimu mkuu alitazama huku na huku, akaona nafasi tupu kando yangu, akajibana hapo, magoti yakikaribia kidevu. Akakaa mpaka mwisho. Kabla ya hukumu tuliambiwa kila mmoja amnong'oneze jirani yake maoni yake, na jirani yangu sasa alikuwa yeye. Nilimnong'oneza kwamba mwenye mbuzi ndiye mkosaji. Akainama akaninong'oneza, "Mimi nina mbuzi sita. Mimi usiniulize."

Hakutuchapa. Baadaye tulimsikia akiwaambia walimu wengine wapite darasani kwetu siku moja waone.

Mwaka uliofuata mwalimu wetu alihamishwa karibu na kwao. Aliyekuja baada yake alirudisha madawati kwenye mistari, nasi tukarudi kunakili. Nilipokuwa nikinakili nilijikuta nikiinua uso nimnong'oneze mtu jambo, na kukuta mgongo wa aliye mbele.

Kigugumizi hakikumtoka rafiki yangu. Siku hizi ana duka la mbegu na dawa za mifugo hapo Makutano, na nikipita namkuta akimweleza mkulima kiasi cha dawa ya kuogeshea ng'ombe, akikwama, akiendelea, bila kuomba radhi. Majuzi nilimuuliza kama anaikumbuka kesi ile. Aliikumbuka, lakini si kwa kicheko chetu. Alisema jioni ile aliisimulia yote nyumbani, kwa Kimeru, kwa sauti yake mwenyewe, akikwama karibu kila neno. Nyanyake hakumkatiza, wala hakumruhusu mtu mwingine yeyote amkatize. Mukimo ulipoa kwenye sahani, wote wakingoja amalize.